Kapita wa Mteremko wa Mawe

Hakukanyaga chini bila kwanza kuangalia chini. Hata mjini Durban, kwenye lami ya Umbilo Road, alitembea ameinamisha kichwa kama mtu aliyedondosha ufunguo. Waliomwona mara ya kwanza walidhani ni mnyenyekevu. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Alikuwa anakagua.

Tulimwita Kapita, kwa sababu ndivyo sisi Wakongomani tunavyomwita msimamizi wa kazi. Yeye alikuwa Mrundi, lakini alilipokea jina hilo kama mtu anayevalishwa koti linalomtosha, na sikumbuki hata siku moja akijitambulisha kwa jina jingine. Kanisani alikuwa Kapita. Kwenye fleti ya Umbilo, alikoishi nyuma ya pazia pamoja na watu wengine watatu, alikuwa Kapita. Hata bosi, mzungu mwenye shamba, alimwita hivyo, ila kwa ulimi wake lilitoka kama jina la mbwa mzuri.

Kazi yetu ilikuwa kuchonga njia za baiskeli. Nikisema hivyo watu wa kwetu hudhani nazungumzia njia ya kumfikisha mtu sokoni au shuleni. Hapana. Shamba lilikuwa vilimani, juu ya Durban, upande wa magharibi, nusu miwa na nusu mikaratusi, na katikati bonde refu lenye msitu wa asili. Jumamosi na Jumapili watu walikuja na baiskeli zimefungwa nyuma ya magari, baiskeli za magurudumu manene na springi, wakapanda mlima kwa jasho, wakashuka kwa kelele, kisha wakafunga tena baiskeli zao na kurudi nyumbani. Njia ilianza kwenye maegesho, ikapanda mlima, ikaishia pale pale kwenye maegesho. Miezi yangu ya kwanza nilikuwa nacheka peke yangu nikisukuma toroli.

Kapita hakucheka. Ndani ya teksi, yale mabasi madogo ya abiria, tukirudi mjini, hapo ndipo alipokuwa na ulimi. "Kwetu mtu analipwa ndiyo ashuke mlima na baiskeli," alisema siku moja, akiangalia nje. "Hapa analipa yeye. Halafu akivunjika mkono anarudi kulipa tena." Abiria wote waliojua Kiswahili walicheka. Lakini asubuhi iliyofuata kijana mmoja wa Malawi tuliyefanya naye kazi alimcheka mpanda baiskeli aliyeanguka matopeni, na Kapita akamfukuza kazini siku nzima. "Mtu ameanguka kwenye njia yako," alimwambia, "na wewe unaonyesha meno."

Yeye mwenyewe hakupanda baiskeli kamwe. Bosi alimpa moja ya zamani, nzuri, ili apime kona. Ilikaa stoo mpaka panya wakala kiti. Njia alizikagua kwa miguu, kila Jumamosi alfajiri kabla ya geti kufunguliwa, kutoka juu mpaka chini, na mikono nyuma. Nilimuuliza kwa nini hapandi, akanijibu kwamba ujana wake wote alishusha ndizi kwa baiskeli kutoka Bugarama hadi Bujumbura, mkungu mbele na mikungu nyuma, na kurudi juu ameshika mkia wa lori. "Nimemaliza miteremko yangu," alisema. Rafiki yangu mmoja alimuuliza swali lile lile na akaambiwa ni goti. Mkewe mchungaji aliambiwa ni nadhiri. Sijui lipi lilikuwa kweli, na sidhani kama yeye mwenyewe aliona kuna tofauti.

Kanisani alikuwa mlinda mlango. Tulisali kwenye ukumbi wa kukodi juu ya duka la magodoro, Warundi na Wakongomani pamoja, mahubiri kwa Kiswahili na nyimbo kwa lugha zote. Ibada ikianza Kapita alifunga mlango na kusimama mbele yake. Aliyechelewa alisubiri ngazini mpaka maombi yaishe. Nimeona kwa macho yangu mkewe mchungaji akisubiri ngazini na sufuria ya chai mkononi. Mchungaji alipomlalamikia baadaye, Kapita alimwambia, "Papa, kama mlango unajua nani ni mke wa nani, huo siyo mlango."

Basi unaweza kumwona hapo, mtu mgumu, mkavu. Lakini kule shambani kulikuwa na tumbili wa kijivu, wale wanaoingia hata jikoni kwa watu hapa Durban, na Kapita alitukataza kabisa kuwatupia chakula. Alisema wakizoea watakuja kuuawa. Siku moja nilirudi kuchukua sururu niliyoisahau, nikamkuta ameketi juu ya kisiki, anamega mkate wake na kuupanga vipande vipande kwenye gogo, na mbele yake tumbili mmoja mzee asiye na mkono anakula. Aliponiona hakuona aibu. "Huyu hawezi kuzoea," alisema. "Hana muda."

Kazini alikuwa na maneno machache na aliyatumia mpaka yakalika. "Rudia." Hilo ndilo tulilisikia zaidi. "Maji kwanza." Maana yake kabla ya kufikiria baiskeli, fikiria mvua itapita wapi, kwa sababu baiskeli hupita na kwenda, lakini maji yakipata upenyo hukaa na kula. Na tulipokuwa tunashindilia udongo kwenye kona zilizoinuliwa, alipita nyuma yetu akisema, "Kama unamkanda mama yako mgongo. Siyo kama unaua nyoka." Akiridhika alisema "Bon," basi, na hilo "bon" wanaume wazima walilisimulia nyumbani kwa wake zao.

Mimi nilifika kwake sijui kitu. Bukavu nilikuwa karani wa ghala; mikono yangu ilikuwa laini, na wiki ya kwanza ilichubuka hata sikuweza kushika kijiko. Hakunihurumia, lakini hakunifukuza. Alinionyesha namna ya kushika sururu chini kidogo ya katikati, akanipa soksi zake nifungie viganja, akaondoka. Kesho yake alizidai.

*

Kilichombadilisha kilikuwa picha.

Bosi alikwenda Uingereza kwa mapumziko, na huko, badala ya kutembelea majumba ya wafalme, alipanda baiskeli mashambani. Aliporudi alituita sote kwenye veranda ya stoo akatuonyesha picha alizochapisha kwenye karatasi kubwa. Vilima vya kijani, vya mviringo, havina mti. Kondoo. Kuta za mawe zisizo na saruji, zimepanda na kushuka vilima kama mshono. Ukungu. Na kati ya kuta hizo, njia nyembamba ya baiskeli iliyotandikwa mawe mapana, jiwe kwa jiwe, ikishuka bondeni mpaka kwenye mto mdogo, mawe yameloa na yanang'aa.

Wengine tulitazama tukapisha. Kapita aliishika ile picha ya mawe muda mrefu.

"Nani anaishi hapa?" aliuliza.

"Hakuna mtu," bosi alisema. "Wakulima wachache. Watu wanakuja kuendesha tu."

"Na haya mawe, nani aliyaweka?"

"Sijui. Ya zamani. Farasi walikuwa wanapita hapo, na mizigo."

"Mizigo," Kapita alirudia, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Akaomba picha ile, na bosi akampa. Siku nyingine nilipomtembelea Umbilo niliikuta imebandikwa ukutani upande wake wa pazia, juu ya kitanda, mahali ambapo wenzake walikuwa na kalenda na picha za watoto wao.

Bosi alitaka mfano kidogo tu wa kile alichokiona: daraja la mbao, labda ukuta mfupi wa kupigia picha. Ni Kapita aliyetaka mawe. Alimfuata bosi kwa wiki nyingi. Alisema kuna mteremko mmoja upande wa kusini wa bonde, wenye udongo unaoteleza, ambao kila masika tunautengeneza na kila masika unakufa. Tukiutandika mawe, alisema, tutaupumzisha milele. Bosi alisema ni kazi ya mwaka. Kapita alisema, "Nipe msimu wa baridi."

Tulimlaani msimu huo. Mawe tuliyatoa mtoni, chini kabisa, na kuyapandisha kwa toroli, na pale toroli lilipokataa, kwa kamba na magogo. Kila jiwe alilichagua yeye. Alilizunguka, akaligeuza, akaligonga kwa nyundo na kusikiliza. Mengine tuliyafikisha juu, akayatazama upya akasema, "Hili halitaki," tukalirudisha. Alipunguza kula. Alikuja na homa akakataa kukaa. Mtu mmoja aliacha kazi kwa sababu yake, mwingine aliumia mgongo.

Na ilipokwisha, lazima niseme ukweli, ilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushiriki kuvitengeneza. Mawe mapana ya rangi ya moshi, yakishuka msituni kwa mizunguko, kila moja limekaa kana kwamba lilizaliwa pale. Sisi pale tulipaita Uingereza. "Leo tunafyeka Uingereza," tulisema. Wapanda baiskeli walianza kuja kutoka Maritzburg, kutoka Johannesburg hata, kwa ajili ya mteremko ule tu. Walipiga picha. Kapita alisimama mbali kidogo, nyuma ya miti, na reki mkononi, akijifanya anakusanya majani.

*

Miongoni mwa waliokuja kila Jumamosi kulikuwa na mwanamke mmoja tuliyemwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha shule ya msingi. Alikuwa Mhindi wa Durban, mdogo wa umbo, si kijana tena, na baiskeli yake ilikuwa ya zamani kuliko za wengine wote. Wengi walitupita kama tunavyopita nguzo za umeme. Yeye alisimama. Alishuka, akauliza tunafanya nini leo, akatuachia mfuko wa njugu au machungwa. Kizulu chake kilikuwa kizuri kuliko chetu na alitusalimia nacho, akacheka tulipokosea kujibu. Mteremko wa mawe aliupenda kupita kiasi. Siku ya kwanza alipoushuka alirudi juu kwa miguu, akisukuma baiskeli, ili tu amwambie Kapita, "Umefanya vizuri sana, baba." Kapita alisema, "Bon." Sikuwahi kusikia akimwambia hivyo mtu asiyekuwa na sururu mkononi.

Ilinyesha wiki nzima kabla ya Jumamosi ile. Si mvua ya kutisha, ni mvua ya kawaida ya Januari, ile ya kila alasiri. Jumamosi kulikucha safi. Maegesho yalijaa mapema. Kulikuwa na kundi lililotoka mbali, na magari yenye namba za mikoa mingine. Mimi nilikuwa chini, kwenye daraja la mtoni, nikitoa matawi.

Nilisikia chuma kikipiga jiwe. Kisha kimya. Kapita alikuwa juu yangu, kwenye kona, na nilimwona akikimbia, yeye ambaye hakukimbia hata mbele ya mvua.

Tulipofika Mwalimu alikuwa amelala kando ya njia, kichwa kikielekea bondeni, na jiwe moja pana lilikuwa limeinuka upande mmoja kama mfuniko wa sufuria. Chini yake kulikuwa tupu. Maji yalikuwa yamekula udongo wote. Mpanda baiskeli mmoja alitaka kumnyanyua, na Kapita alimsukuma kwa bega. Alipiga magoti matopeni akashika kichwa cha yule mama kwa mikono miwili, huku na huku, akakishikilia palepale. Alikaa hivyo mpaka watu wa ambulensi walipoteremka na machela, na ilikuwa muda mrefu, kwa sababu gari haliwezi kufika kule.

Mwalimu hakulia. Alikuwa anauliza tu.

"Baba, miguu yangu iko wapi?"

"Iko hapa," Kapita alimwambia. "Naiona. Iko hapa yote miwili."

Baada ya kitambo akauliza tena, na yeye akamjibu vilevile, maneno yale yale, mara nyingi, bila kubadilisha hata sauti.

Mwalimu hakutembea tena. Uti wa mgongo ulikuwa umekatika juu ya kiuno.

*

Bosi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa. Jumatatu alitukusanya, uso wake umekuwa wa mtu mgonjwa, akasema, "Ilikuwa mvua. Jiwe lolote lingeweza kuondoka. Hakuna aliyejua. Tumeelewana?" Tuliitikia. Na wapanda baiskeli walikuwa na maelezo yao, yalienea haraka: kwamba alishika breki ya mbele katikati ya jiwe, kwamba baiskeli ilikuwa kuukuu, kwamba kwa umri wake hakupaswa kushuka kwa kasi ile.

Kapita hakuitikia. Mchana, tulipokuwa tumekaa wawili chini ya mikaratusi, hakufungua chakula chake.

"Nililiona," alisema.

"Uliona nini, Kapita?"

"Lile jiwe. Asubuhi, nikiteremka kukagua. Nililikanyaga likapumua."

Sikuelewa. Alinyanyua kiganja, akakibonyeza taratibu hewani, akakiachia. "Hivi. Kidogo sana. Nilisimama hapo. Nikasema litashika mpaka Jumatatu."

"Mbona hukufunga njia? Utepe wa kuzuia watu ulikuwa mfukoni mwako."

Alinitazama kama mtu anayetafuta namna ya kulisema jambo ili lisiwe lilivyo, akaikosa.

"Kulikuwa na watu wametoka mbali kuja kuona kazi yangu," alisema. "Nilitaka waione."

Nilimwambia mambo yote ambayo mtu huyasema. Kwamba hakujua kama lingeondoka. Kwamba njia ina mawe mia na ushee. Kwamba Mungu ndiye anayepanga. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Wewe Kiingereza chako ni kizuri. Utanisindikiza kwake."

"Bosi atakufukuza. Na karatasi zako unajua zilivyo. Wakikupeleka polisi je?"

"Utanisindikiza au hutanisindikiza?"

Tulikwenda Mwalimu alipotoka hospitali. Nyumba yake ilikuwa Glenwood, juu tu ya Umbilo, mtaa wenye miti mikubwa. Mama mmoja wa Kizulu aliyefanya kazi pale alitufungulia geti. Mbele ya mlango kulikuwa na njia ya saruji ya kupitishia kiti cha magurudumu, mpya, bado ina unga wa saruji pembeni, na nilimwona Kapita akiitazama, halafu akajilazimisha kutazama mbele.

Mwalimu alikuwa verandani, na blanketi magotini ingawa kulikuwa na joto. Alifurahi kutuona. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Alitunyooshea mikono yote miwili, akamwambia yule mama alete chai, akamwambia Kapita, "Ulinishika vizuri. Daktari alisema ungenitikisa ningekufa."

Kapita alibaki amesimama. Alizungumza Kiswahili, nami nikafasiri. Alisema: mwambie kwamba nililikanyaga jiwe lile asubuhi na nikajua limelegea. Nilianza kwa Kiingereza kusema kwamba asubuhi ile, kwa sababu ya mvua, alikuwa na wasiwasi kidogo kuhusu mawe kwa ujumla. Kiingereza cha Kapita kilikuwa kibovu, lakini hakikuwa kibovu kiasi hicho. Alinishika mkono.

"Usinipunguzie," aliniambia.

Kisha akamgeukia Mwalimu mwenyewe, akasema kwa Kiingereza chake kilichovunjika kwamba aliliona jiwe, alijua, aliliacha. Kwamba hata utepe hakuweka. Kwamba alitaka wageni wapite.

Yule mama wa Kizulu aliyekuwa anakuja na sinia alisimama mlangoni.

Mwalimu alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya darasani, wazi, ya kumtaka mtu arudie jibu.

"Ulijua kabla sijapita?"

"Kabla."

"Kila mtu ananiambia nilishika breki vibaya," alisema. "Marafiki zangu. Mume wangu pia, anafikiri simwoni anavyofikiri. Nalala hapa najirudia mkono wangu, vidole vyangu, nilishika wapi, niliachia wapi. Usiku kucha. Nimeshakubali kwamba nilijivunja mwenyewe." Alitazama mkono wake wa kulia juu ya blanketi. "Kumbe mkono wangu haukukosea."

"Haukukosea," Kapita alisema.

"Asante kwa hilo."

Kapita aliinamisha kichwa. Nadhani kwa sekunde ile alitumaini, kwa sababu nilisikia pumzi ikimtoka.

"Sasa nisikilize," Mwalimu alisema. "Sitaki kukuona tena. Usije hapa. Usipite kwenye barabara hii. Usinitumie mtu wala salamu. Na usiniombe msamaha, sina."

"Sawa, Mwalimu," alisema Kapita. Hatukunywa ile chai.

*

Mambo yalikwenda kama nilivyomwambia, isipokuwa polisi. Mume wa Mwalimu alimfikishia bosi maneno yale, mawakili wakaingia, na Kapita akaondolewa kabla wiki haijaisha. Mteremko wa mawe ulifungwa. Sisi tuliobaki hatukuambiwa tuung'oe. Uliachwa tu, na mimea ya miiba ikaupanda pande zote mbili mpaka huwezi kujua kulikuwa na kitu. Mimi nilidumu mwaka mwingine mmoja chini ya kapita mpya, kijana mzuri asiyesema "rudia", nikaacha. Sasa nina kibanda cha kutengeneza simu Overport, karibu na robot, zile taa za barabarani, na mikono yangu imerudi kuwa laini.

Yeye alipata kazi Jacobs, mtaa wa viwanda, kwenye kiwanda cha mbao za kubebea mizigo, anapiga misumari kutwa kwenye vumbi. Nilimwona kanisani, lakini kanisani pia kulibadilika. Njia yake ya moja kwa moja kutoka fleti hadi ukumbini ilikuwa inakatiza barabara ya Mwalimu. Akawa anazunguka, anashuka mpaka chini kabisa na kupanda tena, na kwa sababu hiyo, na kwa kifua kilichoanza kumsumbua, akawa anachelewa. Mlango uliwekewa mtu mwingine. Siku moja nilimkuta Kapita amekaa ngazini nje na wachelewaji, akisubiri maombi yaishe. Nilimsogelea nikataka kutania. Uso wake ulinizuia.

Kifua kilianza na kikohozi cha vumbi, kikazidi. Nilimpeleka kliniki mara moja. Getini walisimama vijana, si wafanyakazi wa kliniki, wakidai kitambulisho cha Afrika Kusini kwa kila mtu mwenye sura ya kutoka mbali. Nilitoa karatasi zetu za ukimbizi, nikabishana, nikapandisha sauti. Mmoja akasema, "Rudini mkatibiwe kwenu." Mama mmoja mzee wa Kizulu kwenye foleni alitutetea, naye akatukanwa. Kapita alinivuta shati. "Twende," alisema. "Usimgombanishe mama wa watu." Dawa tulinunua kwa mfamasia, ile ya kupoza tu, na ndiyo aliyoendelea nayo.

Hakulalamika kuhusu Jacobs, wala kuhusu kliniki, wala kuhusu bosi. Nilipomuuliza kama anajuta kwenda Glenwood alinikazia macho kana kwamba nimemuuliza kama anajuta kula.

*

Mwaka huu, kabla ya Pasaka, mama mmoja aliingia kibandani kwangu na simu iliyopasuka kioo. Aliniangalia sana. Ni yeye aliyenitambua: ndiye aliyetufungulia geti siku ile. Tulisalimiana. Nikamuuliza habari za Mwalimu.

"Eish," alisema. "Ametuacha. Tangu mwezi uliopita."

Vidonda, aliniambia. Vile vya kukaa. Kimoja kiliingia ndani, damu ikachafuka, hospitali wakajaribu. Walishamchoma kwa desturi yao na majivu yalishakwenda baharini. Nilibadilisha kioo cha simu na sikuweza kumtajia bei.

Siku hiyohiyo nilifunga kibanda nikapanda teksi kwenda Jacobs. Nilifika wakati wa chakula. Wafanyakazi walikuwa nje, ukutani, upande wenye kivuli, na harufu ya kiwanda cha rangi cha jirani ilikuwa nzito kiasi kwamba nilishangaa wanavyoweza kumeza. Kapita alikuwa amekaa peke yake juu ya rundo la mbao. Alikuwa amekwisha mwili. Shati lilikuwa limemning'inia mabegani.

"Mdogo wangu," alisema. "Nani amekufa?"

Mtu hafungi duka mchana bure, alijua. Nikamwambia.

Aliuliza ilikuwaje, nikamweleza kama nilivyoelezwa, vidonda, damu, hospitali, moto, bahari. Sikupunguza. Alisikiliza akiwa ameangalia kibuyu chake cha maji kati ya viatu. Nilitegemea angeuliza kama nilisikia lolote, kama kabla ya kufa alisema neno kumhusu. Hakuuliza.

"Alinikataza," alisema hatimaye. "Unakumbuka? Nisipite. Nisitume salamu."

"Nakumbuka."

"Miaka hii yote sijapita. Hata siku nilipokuwa na homa, na njia fupi ilikuwa ile, sikupita. Nilikuwa namtii." Alikohoa, akasubiri kikohozi kimwachie. "Hakukuwa na kitu kingine alichotaka kutoka kwangu. Basi kile nilimpa. Kila siku. Sasa nampa nani?"



King'ora kikalia. Watu walinyanyuka, wakafuta mikono, wakaingia mmoja mmoja. Kapita hakunyanyuka. Nilimwambia, "Kapita, wameingia." Alibaki pale, mikono magotini. Kutoka mlangoni msimamizi, Mzulu kijana mwenye ovaroli safi, alimwita mara moja, akaita tena, kisha akaja kwa hatua za mtu anayekuja kugomba. Alipofika akauona ule uso, akapunguza sauti.

"Kuna nini, madala?" aliuliza, kama wanavyomwita mzee huku.

"Amefiwa," nilisema mimi.

"Pole, baba." Kijana alivua kofia. "Ni nani? Ndugu? Mke?"

Nilifungua mdomo nitafute neno la kumsaidia. Kapita aliinua mkono kunizuia. Alifikiri kwa makini, kama mtu asiyetaka kuchukua kitu kisicho chake.

"Umuntu wami," alijibu kwa Kizulu chake kibovu. Mtu wangu.

Msimamizi hakuuliza zaidi. Alimwambia aende nyumbani, siku hiyo haitakatwa kwenye mshahara. Kapita alimshukuru. Akavua glavu moja, akavua ya pili, akaziweka juu ya mbao, na akaendelea kukaa.